Shingo Inapouma na Inaponyamaza: Mwongozo wa Matatizo ya Pingili za Shingo na Matibabu Yake

Mama mmoja fundi cherehani aliletwa kwetu fiziotherapia akilalamikia macho. Alikuwa ameshabadilisha miwani mara mbili na bado uzi hauingii kwenye tundu la sindano. "Mwanangu, macho yamekwisha," aliniambia. Nikampa sindano na uzi palepale. Tundu aliliona vizuri, tena bila miwani. Kilichomshinda ni vidole: viliuyumbisha uzi, vikakosea, vikauangusha. Nikamuuliza anafungaje vifungo vya gauni asubuhi. Akacheka kwa aibu. Miezi ile alikuwa anavaa madera tu, maana dera halina vifungo. Na shingo je? "Hainiumi. Inakaza kidogo nikiamka."

Picha ilionyesha ugwe wa mgongo, yaani kamba ya fahamu inayopita ndani ya mifupa ya mgongo, umebanwa shingoni katika sehemu mbili.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja alikuja akiwa ameshika shingo kwa mikono miwili, hawezi kugeuka kumwangalia aliyemsindikiza, akiamini amepooza. Alikuwa amelalia vibaya tu. Baada ya siku nne alikuwa kazini.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na maumivu. Ukali wa maumivu ni kipimo kibovu cha hatari ya shingo. Kinachoamua haraka ya matibabu ni kazi ya mikono, miguu na kibofu.

Kilichomo ndani ya shingo

Shingo ina pingili 7. Juu yake kuna kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, kinachogeuka siku nzima. Pingili mbili za juu kabisa hazina diski katikati yao, na karibu nusu ya mzunguko wote wa kichwa kwenda kulia na kushoto hutokea hapo. Kuanzia ya pili kushuka chini, kila pingili imelalia diski: nje ganda gumu la nyuzi, ndani ute mzito. Ubavuni mwa pingili hutoka mishipa ya fahamu, jozi 8, inayokwenda kwenye kisogo, shingo, mabega, mikono na vidole.

Neno "uti wa mgongo" hutuchanganya, kwa kuwa tunalitumia kwa mfupa na pia kwa kamba ya fahamu inayopita ndani ya mfupa. Hapa mfupa nitauita uti, kamba nitaiita ugwe.

Umri ukienda, diski hukauka na kupungua kimo, na kingo za pingili huota vinundu. Kwenye majibu ya picha utakuta neno "spondilosisi". Watu wengi hulisoma neno hilo wakalala bila usingizi. Ni mvi za mifupa. Wapo watu chungu nzima wenye miaka 50 na 60 ambao picha zao zina vinundu na diski zilizotokeza, nao hawajawahi kuumwa shingo. Picha peke yake haitibiwi. Inatibiwa ikiwa inaelezea kile unachokisikia mwilini.

Hatua ya kwanza: ondoa dharura

Kabla ya kupaka dawa ya kuchua au kutafuta mto mpya, jiulize haya. Jibu la "ndiyo" kwa lolote lina maana ya kwenda hospitali leo:

- Maumivu yameanza baada ya ajali, kuanguka kutoka mtini au kuangukiwa na mzigo.
- Kuna homa, kichwa kinauma sana, mwanga unakera na kidevu hakigusi kifua. Hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.
- Mikono au miguu inaishiwa nguvu, mkojo au haja kubwa vinakutoka bila kujua, au mkojo umeziba.
- Maumivu ya shingo na taya yamekuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo.
- Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa shingo, pamoja na kizunguzungu, kuona viwiliviwili au mdomo kwenda upande.

Kundi jingine halihitaji kukimbia usiku, lakini lisipitishe wiki: maumivu yanayokuamsha usiku na hayapungui kwa mkao wowote, kupungua uzito, jasho la usiku, historia ya saratani, kuishi na virusi vya UKIMWI, au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Kwetu, dalili za namna hiyo lazima zimkumbushe daktari kifua kikuu cha mifupa. Hushambulia zaidi pingili za kifuani na kiunoni, lakini shingo haijasalimika, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Hutibika kwa dawa zilezile za TB, zinazotolewa bure katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya. Tofauti ni muda: mara nyingi miezi 9 hadi 12. Upasuaji huhitajika pale tu ugwe unapobanwa au pingili zinapolegea na kuanza kuhama.

Wenye baridi yabisi inayovimbisha viungo vya vidole nao wamjulishe daktari mapema shingo ikianza kuuma, hasa kisogoni. Ugonjwa huo hulegeza kano za pingili mbili za juu.

Nisimame kidogo kwenye ajali

Hapa ndipo tunaumizana kwa huruma. Mtu ameanguka kwenye bodaboda au mnazi, watu wanne wanamshika mikono na miguu, kichwa kinaning'inia, anapakiwa kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili. Pingili iliyovunjika bila kugusa ugwe inaweza kuukata safarini.

Kama mahali hapana hatari ya moto au magari, mwache alale alipo. Mmoja apige magoti kichwani kwake na kukishika kichwa kwa mikono miwili, kikae mstari mmoja na mwili, bila kukivuta. Asiachie mpaka wafike hospitali au mpaka kichwa kifungwe. Akitaka kutapika au lazima ahamishwe, watu watatu au zaidi wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kwa hesabu ya aliyeshika kichwa: moja, mbili, tatu. Mlango uliong'olewa au ubao mpana unafaa kuwa machela. Kanga mbili zilizoviringishwa zikae pande zote za kichwa. Helmeti iachwe, isipokuwa kama hapumui na hakuna njia nyingine ya kufikia mdomo. Asiketishwe, asipewe maji.

Hatua ya pili: jua uko kundi gani

Ukishapita dharura, karibu kila mwenye tatizo la shingo huangukia katika moja ya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni shingo yenyewe. Inauma kisogoni, pembeni, mpaka juu ya mabega, wakati mwingine inapanda na kuleta maumivu ya kichwa. Mikono ni mizima. Chanzo huwa misuli, viungo vidogo vya pingili au diski, na kwa kweli mara nyingi hakuna mtu anayeweza kukuonyesha kwa kidole ni kipi hasa. Wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki chache.

Kundi la pili ni mshipa wa fahamu uliobanwa unapotoka kwenye uti. Huyu mara nyingi anaumwa mkono kuliko shingo. Maumivu yanashuka kama moto au shoti ya umeme, na njia yake inataja mshipa wenyewe. Ganzi ya kidole gumba na cha shahada hutoka kwa mshipa wa sita. Kidole cha kati, pamoja na udhaifu wa kunyoosha kiwiko, ni wa saba. Kidole cha pete na cha mwisho, pamoja na kushika kulikolegea, ni wa nane. Wa tano hulemea bega: mkono unakuwa mzito kuinua. Wa sita na wa saba ndio wanaobanwa zaidi, kwa sababu sehemu ya chini ya shingo hujikunja sana. Ukiona mtu anaweka kiganja juu ya kichwa chake ili apumzike maumivu, karibu amejitaja mwenyewe, maana mkao huo hulegeza mshipa.

Kundi la tatu ni ugwe wenyewe kubanwa, kama kwa yule mama fundi. Huja polepole, kwa miezi au miaka. Mikono inakuwa mizito kwa kazi ndogondogo: vifungo, funguo, kuhesabu noti, kuandika ujumbe kwenye simu. Saini inabadilika mpaka benki wanaikataa. Miguu inakakamaa, mtu anatembea ametanua hatua kama yuko ndani ya boti. Kandambili inavuka mguuni naye hajui mpaka aambiwe. Wengine wakiinamisha kichwa wanasikia umeme ukishuka mgongoni. Maumivu yanaweza kuwa madogo au yasiwepo kabisa, na ndiyo sababu wagonjwa hawa hutibiwa kisukari, macho, "presha" na uzee kabla mtu hajagusa shingo.

Tahadhari moja kabla hujajihukumu. Ganzi ya vidole vitatu vya mwanzo inayokuamsha usiku na kupungua ukikung'uta mkono huenda ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kisukari na upungufu wa vitamini B12 navyo huleta ganzi, kwa kawaida ikianzia nyayoni.

Hatua ya tatu: jipime nyumbani kwa dakika tano

Nyoosha mikono mbele. Kunja ngumi na kufungua vidole kabisa, haraka uwezavyo, mwenzako akihesabu kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye mikono salama hufikisha mara 20 au zaidi. Mwenye ugwe uliobanwa hupungukiwa, na utaona vidole vikichelewa kufunguka.

Kisha tembea hatua kumi kwenye mstari wa vigae, kisigino cha mguu mmoja kikigusa ncha ya mwingine, mtu akiwa karibu yako. Funga na kufungua vifungo vitano vya shati bila kuangalia. Andika jina lako, ulinganishe na saini ya mwaka jana. Mwisho simama kwa visigino, kisha kwa vidole vya miguu.

Kushindwa kipimo kimoja si hukumu. Magoti mabovu nayo huyumbisha. Ukishindwa viwili, hasa vya mikono, ruka hatua inayofuata uende hospitali.

Hatua ya nne: wiki sita za kwanza

Hii ni kwa kundi la kwanza, na kwa kundi la pili ambalo mkono una maumivu na ganzi lakini nguvu ipo. Wengi wa kundi la pili hupata nafuu bila kisu ndani ya wiki 6 hadi 12. Diski iliyochomoza mara nyingi husinyaa yenyewe, jambo ambalo wagonjwa hawaliamini mpaka liwatokee.

Usilale kitandani wiki nzima. Punguza kinachochokoza, endelea na mengine. Ukikaa, simama kila nusu saa. Sijawahi kuona mkao mmoja mzuri kiasi cha kuustahimili saa tatu mfululizo. Simu inyanyue ifike karibu na kifua. Mto uwe na unene unaojaza nafasi kati ya sikio na bega ukilala ubavu. Mito miwili mikubwa inakunja shingo usiku kucha. Kulala kifudifudi acha kwa sasa.

Mzigo kichwani: lita 20 za maji ni kilo 20, kabla hujahesabu ndoo. Mwenye mkono unaowaka asibebe. Aliyepona arudi na lita 10, aende mara mbili. Wachukuzi wa magunia sokoni najua hawana nafasi ya kuchagua, lakini mkono ukianza kufa ganzi, toroli ni nafuu kuliko hospitali.

Mazoezi ninayoanza nayo karibu kwa kila mtu ni haya. La kwanza: kaa wima, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma kama mtu anayekwepa harufu mbaya. Kichwa kisiiname wala kisiinuke, kiteleze tu kurudi nyuma. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10. La pili: vuta mabapa ya mabega nyuma na chini kana kwamba unabana kalamu katikati yake, sekunde 5, mara 10. La tatu: weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku kiganja kikizuia, pasiwe na mwendo wowote, fanya hivyo pia upande wa kulia, kushoto na kisogoni. Mara tatu kwa siku, kwa nguvu ndogo.

Kanuni ya kujua kama zoezi linakufaa: maumivu yakipanda kutoka mkononi kurudi shingoni, endelea, hata kama shingo imeuma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea vidoleni, au ganzi ikiongezeka, acha zoezi hilo.

Dawa. Parasitamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ibuprofeni na diklofenaki husaidia kwa siku chache, zikimezwa baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, ugonjwa wa moyo au mimba asizitumie bila daktari. Kwa mkono unaowaka usiku, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini ya kiwango kidogo au pregabalini. Hizo hutuliza mishipa ya fahamu, nazo huleta usingizi, kwa hiyo dereva aseme kazi yake mapema.

Ninachokipinga waziwazi ni sindano za mchanganyiko za dukani na vidonge visivyo na jina ndani ya kipakiti. Vingi vinavyoleta nafuu ya ajabu siku ile ile huwa na steroidi. Zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, na zinaficha TB.

Na kinyozi. Najua raha yake: baada ya kunyoa anakukanda mabega, halafu anashika kidevu na kisogo, anageuza ghafla, shingo inalia "ka!" Kukandwa pokea. Kugeuzwa kataa. Msukumo huo unaweza kuchana ukuta wa mshipa mkubwa wa damu unaopita ndani ya pingili kwenda kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi kwa mtu wa miaka 30. Hutokea mara chache, lakini kwa ajili ya mlio tu?

Kola ya shingo ina kazi yake baada ya ajali na baadhi ya upasuaji. Kwa maumivu ya kawaida, siku chache zinatosha. Ukiizoea, misuli inalegea na shingo inadhoofu zaidi.

Hatua ya tano: ukifika hospitali

Usianze na "shingo inauma" tu. Sema: ilianza lini, inashuka mpaka kidole gani, kitu gani ulikuwa unafanya mwezi uliopita ambacho leo kinakushinda. Sentensi kama "nadondosha vikombe" humfungua daktari masikio. Beba picha zote za zamani.

Daktari apime nguvu ya kila msuli wa mkono, hisia za vidole, na agonge viwiko na magoti kwa nyundo. Ukipelekwa MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, bila kuguswa, uliza kwa adabu. Eksirei huonyesha mpangilio wa pingili na mvunjiko, haionyeshi mshipa wala ugwe. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayopiga mwili vipande vipande, ni bora kwa mfupa uliovunjika. MRI ndiyo inayoonyesha diski, mishipa na ugwe, nayo ina maana ukiwa na dalili za kundi la tatu, udhaifu wa mkono, wasiwasi wa TB au saratani, au maumivu ya mkono yaliyokataa baada ya wiki 6. Anza hospitali ya wilaya upate rufaa, kisha ulizia bima yako inalipia nini hasa: kipimo ni jambo moja, vyuma vya upasuaji ni jambo jingine, na familia nyingi huligundua hili siku ya kulazwa.

Hatua ya sita: upasuaji, kwa nani na upi

Shingo inayouma peke yake, mikono mizima, hainufaiki sana na kisu. Ukishauriwa upasuaji katika hali hiyo, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Mshipa uliobanwa hufanyiwa upasuaji maumivu yakikataa baada ya wiki 6 hadi 12 za matibabu ya kweli, au mkono ukiendelea kupoteza nguvu. Sindano ya steroidi karibu na mshipa ni njia ya katikati. Ifanywe na aliyebobea, kwa mashine ya picha, kwani shingoni kosa dogo lina gharama kubwa.

Ugwe uliobanwa una kanuni yake. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 inapendekeza upasuaji kwa hali ya wastani na kali. Kwa hali nyepesi unaweza kupewa upasuaji, au mazoezi chini ya uangalizi huku ukipimwa mara kwa mara. Lengo la kwanza ni kuzuia isiendelee. Kinachorudi ni nyongeza, na kadiri unavyochelewa ndivyo nyongeza inavyopungua.

Njia kuu ni mbili. Kutokea mbele: daktari anachana kidogo kwenye mkunjo wa koo, anasogeza koromeo pembeni, anaondoa diski yote pamoja na vinundu, kisha anaweka kizimba kidogo au kipande cha mfupa kutoka nyonga ili pingili mbili ziungane. Mara nyingi huongezwa bamba na skrubu. Kwa wagonjwa waliochaguliwa, huwekwa diski bandia inayochezacheza. Kutokea nyuma: paa la mfupa linaondolewa au linafunguliwa kama mlango wenye bawaba, mbinu iliyokuzwa Japani, ili ugwe upate nafasi. Hii hufaa zaidi ugwe ukibanwa sehemu nyingi.

Uliza: pingili ngapi, mbele au nyuma, na kwa nini? Umefanya ngapi za namna hii? Nisipofanya, miezi sita ijayo nitakuwaje? Sauti kukwaruza na chakula kumezeka kwa shida ni kawaida siku za mwanzo kwa njia ya mbele, na kwa wengi huisha. Maambukizi, mshipa kujeruhiwa na ugwe kuumia ni nadra, lakini daktari ayataje kabla hujatia saini. Mvutaji aache sigara wiki kadhaa kabla na aendelee kuacha, kwa sababu nikotini huzuia mifupa kuungana. Mwenye kisukari aishushe sukari kwanza.

Baada ya hapo

Wengi hutembea siku inayofuata. Homa, kidonda kutoa usaha, kushindwa kupumua au udhaifu mpya ni kurudi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki. Kazi ya kukaa huwezekana baada ya wiki chache. Mizigo isubiri mpaka daktari aone mfupa umeunga, jambo linalochukua miezi. Fiziotherapia ya mikono ianze mapema: kuokota maharage moja moja, kukunja kanga, kufunga vifungo.

Mama fundi alifanyiwa kutokea mbele, pingili mbili. Sauti ilikwaruza wiki tatu. Mwezi wa tano alikuja kliniki amevaa gauni lenye vifungo sita mbele, akasimama mlangoni ili nilione. Ncha za vidole viwili bado zina ganzi, na uzi hutungiwa na mjukuu. Kukata na kushona anafanya mwenyewe.